Kozi Iliyoombewa Mapema

Jumapili ile mdogo wangu alisimama kanisani akiwa amemshika binti yake mkono, na kabla hajafungua mdomo nilijua nitaona wivu. Nilikuwa nimetembea kutoka Kawangware asubuhi hiyo, nikapita Dagoretti Corner na Jamhuri, nikashukia Olympic hadi Gatwekera anakokaa mdogo wangu, na njia nzima nilikuwa najisemesha. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Mtoto amepita kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, upande wa mama na upande wa baba. Ni damu yako, nilijiambia, furahi. Viatu vilikuwa vinanibana, na hiyo furaha nayo ilikuwa inanibana.

Katika kanisa lile la mabati hatumwombei mtoto kwa jumla. Aliyefaulu anapelekwa mbele, mzazi anataja kozi, watu wote wanasimama, mchungaji anaweka mkono juu ya kichwa, na kozi inaombewa kwa jina lake. Nimeona uuguzi ukiombewa pamoja na sindano zake. Nimeona kijana wa kozi ya upishi akiombewa hadi masufuria. Kozi ikishaombewa imekuwa ya kanisa. Watu watakuuliza habari zake kisimani, sokoni, hata kwenye foleni ya choo.

"Bwana asifiwe," mdogo wangu alisema.

"Amina."

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

"Mungu ametutendea. Huyu msichana wangu anaenda kusomea uhandisi wa mitambo. Anaenda kuwa injinia."

Watu walipiga makofi, vigelegele vikapasuka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Injinia! Na tunakaa naye ploti moja, tunatumia choo kimoja," watu wakacheka. Mchungaji akaomba. Aliombea injini, akaombea gia, pampu, lifti na viwanda, mpaka nikafikiri mitambo yenyewe itaanza kunguruma hapo hapo. Mimi nilifumba jicho moja. Lile lingine lilimwona mpwa wangu chini ya mkono wa mchungaji, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepimiwa nguo ya mwingine.

Kozi yenyewe haikuwa imechaguliwa bado. Mtandao wa kuchagulia ulikuwa unafunguliwa wiki hiyo.

Baada ya ibada tulirudi kwa mdogo wangu kunywa chai. Nyumba yake ni chumba kimoja cha udongo na mabati, na siku hiyo kilikuwa kimejaa majirani hadi mlangoni. Jirani wa mlango wa pili, fundi wa viatu, hakuweza kunyamaza.

"Sasa miaka mitano yote mtu asomee umakanika? Si kuna gereji hapo juu ya Kambi Muru. Aanze kesho."

"Injinia na makanika si mtu mmoja," mdogo wangu akamjibu.

"Tofauti ni gani?"

"Makanika anashika grisi. Injinia anamwambia makanika aishike."

Kicheko kikubwa. Mdogo wangu alikuwa anameremeta. Alikuwa akimimina chai kwa mkono uliotulia, mkono wa mtu ambaye hana wasiwasi na siku ya kesho, na mimi niliutazama mkono huo kuliko nilivyomtazama mtoto. Tumezaliwa tumbo moja. Yeye amekaa Gatwekera tangu aolewe, hajahama hata mtaa, mume akaenda zake na bado hajahama. Mimi nimezunguka nchi nzima. Na baraka ikampata yeye aliyekaa.

Nilipoinuka kuondoka, mpwa wangu akasema atanisindikiza. Tulipanda hadi kwenye reli, tukaanza kuifuata kando kando, katikati ya wauza nyanya na wauza vifuniko vya simu. Tulipowapita ndipo akaanza.

"Anti, mimi sikusema mitambo."

"Ulisema nini?"

"Nilisema bado nafikiria. Ziko mbili. Kuna uhandisi wa mitambo, kuna fizikia ya uhandisi. Mathe alichukua ile anaweza kuelezea watu."

Nikamwambia aache habari ya mama yake, anielezee mimi basi.

"Ya mitambo unajifunza kutengeneza kitu chenye kinasonga. Injini, pampu, mashine ya kiwanda. Hii ingine unaanza na kwa nini. Joto, mwanga, sauti, vile chuma kiko huko ndani. Halafu ukishajua, unatengeneza vyombo vya kupima na kuona vitu macho haioni. Zile mashine za hospitali za kuangalia ndani ya mtu, sola, vitu kama hizo."

"Na kazi?"

"Hapo sasa ndio shida." Akapiga teke kokoto. "Ya mitambo kila mtu anaijua, hata mwenye anaandika watu kazi. Hii ingine nitakuwa naelezea watu maisha yangu yote. Na nimeskia jina la injinia halikuji hivyo tu, lazima usome tena mbele."

"Wewe unataka gani?"

Aliweka kiatu chake cha kanisani juu ya reli. "Anti, usijifanye. Si ni wewe ulinianzishia?"

Ni kweli nilimwanzishia. Alikuwa mdogo, bado meno ya mbele hayajaota tena, na mimi nilikuwa nimerudi kukaa kwao kati ya kazi moja na nyingine. Jioni moja nilimleta hapa kwenye reli, nikamwonyesha jinsi ya kulaza sikio kwenye chuma. Nikamwambia asikilize treni ambayo bado haipo. Alisikiliza, macho yakamtoka. Hewani palikuwa kimya, watu wanauza samaki kama kawaida, na ndani ya chuma treni ilikuwa imeshafika. Nilimvuta tukasimama mbali, tukaingoja. Ilipopita aliuliza mbona chuma kilijua kabla ya masikio yetu. Nikamjibu kama nilivyofundishwa shuleni: chembe za chuma zimeshikana sana kuliko za hewa, zinapashana habari upesi. Akauliza kwa nini zimeshikana. Kitabu changu kiliishia hapo.

"Ongea na mathe," alisema. "Wewe ndio mkubwa. Mimi nikimwambia nabadilisha, atasema namkosea Mungu. Wewe hawezi kukwambia hivyo."

"Nitaona," nikasema, nikaenda zangu Kawangware.

Niseme kazi yangu, maana bila hiyo wivu wangu hautaeleweka. Mimi hufuata mjengo. Jengo likianza kuchimbwa msingi, natafuta mahali pa kuweka jiko karibu na lango, napika chai, chapati, maharagwe na ugali kwa mafundi na watu wa mkono, wale vibarua wao. Jengo likiisha, nafunga masufuria nafuata lingine. Nimepika Naivasha, nimepika Kitengela, nimepika Lodwar mahali ambapo upepo unatia mchanga kwenye unga. Kila mahali nimetamani nilipotoka, na nikirudi nilipotoka natamani pengine. Nimelala kando ya majengo mengi ambayo sikuwahi kuingia yalipokwisha. Na katika kila jengo hufika mtu mwenye kofia nyeupe na buti zisizo na matope, mafundi wanaacha mizaha, foremani anavuta shati kiunoni. Injinia amefika. Huyo hanunui chapati yangu. Anatazama juu, anatazama karatasi, anaondoka, na baada yake ukuta unabomolewa au unaachwa.

Nimewaonea watu hao wivu kwa miaka mingi, na wivu huo nimeuzoea kama moshi wa jiko. Unanitoa machozi kidogo, napangusa, naendelea kupika.

Hakuna aliyeniibia kitu. Shuleni nilipenda fizikia na fizikia ilinipenda, lakini masomo mengine hayakunipenda. Matokeo yangu yalikuwa na alama moja nzuri iliyokaa peke yake kama mgeni katikati ya jamaa za watu. Hesabu iliniangusha, kemia ikanikalia. Hakuna chuo kilichoniita, na hakikuwa na sababu ya kuniita. Ingekuwa kuna mtu aliyenidhulumu ningepata wa kumchukia. Mimi nilibaki na wivu mtupu, usio na mtu wa kuulaumu.

Wiki hiyo pale Kawangware, kwenye gorofa tunalojenga, injinia anayekuja ni msichana. Kwa umri ningeweza kumzaa. Alipopita karibu na jiko langu nilimwita, na mafundi walinigeukia kama niliyevua nguo.

"Injinia, samahani. Nina mtoto. Amefika mahali pa kuchagua kati ya uhandisi wa mitambo na fizikia ya uhandisi. Wewe ungemwambia nini?"

Alivua kofia. Sikutegemea hilo. "Mama, mimi ni wa majengo, sitaki nikudanganye. Lakini wenzangu wapo huko kote kuwili. Wa mitambo atakula mapema, kazi yake inajulikana. Wa fizikia atachelewa kula. Atasoma, halafu atasoma tena. Lakini akishafika, wa mitambo wakikwama ni yeye watamuuliza." Akafikiri. "Muulize mtoto kinachomnyima usingizi. Ni kitu kifanye kazi, ama ni kwa nini kinafanya kazi?"

"Asante."

"Na wewe mama, ulisoma fizikia?"

"Kidogo tu."

Akatabasamu, akavaa kofia yake, akapanda ngazi. Fundi mmoja akaniambia, "Mama Chapo, leo unataka kupandishwa cheo?" Nikamwambia achukue chai yake aende.

Jibu lile lilikuwa na nusu mbili, na mimi nilishika nusu moja. Wa mitambo atakula mapema. Nilikanda unga siku zote zilizofuata nikiirudia. Ningeweza kuipeleka Gatwekera hivyo hivyo, na hakuna mtu duniani angeniita mwongo. Mdogo wangu angefurahi. Kanisa lingebaki na kozi yake. Na mimi nisingepoteza kitu.

Maana nilikuwa nimeshajua kilichonikera. Mtoto akienda kwenye mitambo, nitamwonea wivu kama ninavyowaonea wenye kofia nyeupe wote, wivu wa moshi. Lakini akienda kwenye fizikia ataingia kwenye kile chumba kidogo ambacho nimekifungia moyoni tangu shule, chenye reli na chembe zilizoshikana, chumba ambacho hakina kitu kingi lakini ni changu. Ataingia na taa. Atapita ukurasa niliokwama, atasoma kwa nini zimeshikana, na siku moja atarudi kunieleza polepole, kwa heshima, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Nilikuwa naiona siku hiyo. Nilikuwa naiona hata chapati zikiungua.

Jumamosi nilienda. Mdogo wangu alikuwa nje anafua, mpwa wangu ameketi mlangoni na simu mkononi. Walikuwa wamepanga kwenda saiba mchana, kwenye kompyuta za kukodi, kuchagua kozi.

"Dada, karibu," mdogo wangu akasema bila kuinuka. "Huyu ameanza kunisumbua. Ati kuna kozi ingine. Nimemwambia watu wameshaomba. Sasa nitasimama niwaambie nini? Tulimpa Mungu maelezo si sawa?"

"Mum, sikusema..."

"Ngoja mkubwa aseme."

Mpwa wangu aliniangalia. Nami nikasema, "Nimeuliza injinia wa kwetu pale mjengo. Amesema wa mitambo atakula mapema."

"Si unaona!" Mdogo wangu akapiga makofi, povu likaruka. "Injinia mzima amesema!"

Mtoto hakubisha. Hakunitazama kwa jicho baya, na ningefurahi angenitazama hivyo. Alifunga simu yake, akaiweka mapajani, akasema, "Sawa."

Neno hilo nalijua. Ni langu. Nimelisema kila foremani aliponiambia hamisha jiko. Nimelisema shuleni nilipopewa karatasi ya matokeo, nimelisema kwenye stendi za miji ambayo sikutaka kuihama. Sawa. Unaikunja shingo kidogo, unaangalia mikono yako. Alilisema kama mimi, hata shingo ilikuwa yangu. Na wivu ukanishika upya, mkali kuliko wote wa wiki ile, kwa jambo ambalo sikulitegemea: yule mtoto mwenye alama zile alikuwa anachukua sawa yangu. Hakuwa na haki nayo. Sisi tunaoisema tumeipata kwa kukosa. Yeye hakuwa amekosa kitu.

Sitaki mtu afikiri ni wema ulionifanya niendelee.

"Sijamaliza," nikasema. "Amesema wa fizikia atachelewa kula, lakini wa mitambo wakikwama ndiye watamuuliza. Na amesema tumuulize mtoto kinachomnyima usingizi."

Mdogo wangu aliacha kufua. "Hiyo sehemu ulikuwa umeificha wapi?"

"Mahali pangu."

Akamgeukia binti yake. "Haya, nini inakunyima usingizi?"

"Kwa nini," mtoto akasema. "Si vile kitu kinafanya. Kwa nini kinafanya."

Mdogo wangu alikamua sketi, akaikamua tena ingawa haikuwa na maji. "Na atakula nini akingoja hiyo kwa nini?"

"Amekula nini mpaka hapa?" nikamuuliza.

"Amekula sukuma wiki yangu."

"Basi ataila tena."

Akachukua sketi nyingine, akaisugua. Nilimjua, alikuwa anafikiria Jumapili kuliko chakula. "Na kanisa?"

"Tutaomba tena."

"Kuomba tena ni kumwambia Mungu afute ya kwanza."

"Kwani Mungu ni saiba, kwamba ukishatuma huwezi kurekebisha?"

Mtoto aliangua kicheko, mama yake akajizuia, akashindwa. Halafu akaninyoshea kidole chenye povu. "Lakini wewe ndio utasimama. Mimi siwezi kueleza watu kitu sikijui. Ulianzisha, umalize."

Saiba ilikuwa imejaa watoto na wazazi. Kijana wa kompyuta hakutuangalia. "Kozi ya kwanza?"

"Fizikia ya uhandisi."

Alitafuta kwa muda. "Hii hakuna mtu ameniitisha leo. Iko, nimeiona. Ya pili?"

"Uhandisi wa mitambo."

Nyuma yangu mdogo wangu alishusha pumzi. "Angalau maombi hayajamwagika yote."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa na mikono inanuka kitunguu, kwa sababu haikutoka hata kwa sabuni. Nikasema Bwana asifiwe. Nikasema kozi imebadilika, watu wakanong'ona. Mchungaji akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza mgonjwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno makubwa, yote yakanitoka, nikabaki na reli.

"Nyinyi wote mnaijua reli," nikasema. "Nani hajawahi kulaza sikio pale akasikia treni kabla haijafika?"

Nilitegemea kimya. Kumbe mikono ilianza kuinuka, na vichwa vikatikisika. Yule fundi wa viatu akasema kwa sauti, "Hata mimi, nilichapwa kwa ajili hiyo!" Mama aliyetania kuhusu choo naye alikuwa ameinua mkono. Kwa miaka yote hiyo nilifikiri ni mimi na mtoto tu. Kumbe Gatwekera nzima ilikuwa imelala pale, sikio kwa sikio, na kitu nilichokifungia chumbani kilikuwa njiani kinakanyagwa na kila mtu.

"Basi," nikasema, "sisi tulisikia tukaenda nyumbani. Huyu anataka kwenda kujua kwa nini."

Mchungaji akampa mpwa wangu kipaza sauti aongeze neno, na akaongeza. Alisema kuna watu wanaopeleka sauti ndani ya reli, sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, wakasikiliza inavyorudi, wakajua mahali chuma kimepasuka ndani kabla treni haijaanguka. Bila kukata, bila kuchimba. "Huko ndiko nataka kufika," alisema. Alisema vizuri, bila Sheng, bila kutetemeka.

Sikuwa nalijua hilo. Sikuwahi kulisikia. Siku niliyoiogopa, ya kuelezwa polepole, ilikuwa imekuja upesi hivyo, mbele ya watu, na hata hakuwa ameanza chuo.

Mchungaji akaweka mkono. "Bwana, ile mitambo tuliyokuomba Jumapili iliyopita, usiitupe. Mpe mtoto mwingine wa Gatwekera anayeihitaji. Huyu mpe sauti, mpe mwanga, mpe na hiyo kwa nini yake yote." Watu walicheka huku wamefumba macho. Mimi sikufumba hata moja. Niliutazama mkono ukiwa juu ya kichwa chake, nikatamani, Mungu anisamehe, uwe juu ya changu.

Mama mmoja wa viti vya nyuma alinisogelea baadaye. "Kwani ni wewe ulimfundisha hayo ya reli?"

"Ni mimi," nikasema. Nikaongeza, "Ni mimi wa kwanza," ingawa hakuna aliyekuwa anashindana nami.

Mpwa wangu hakunisindikiza siku hiyo. Alikuwa amezungukwa na watu, kila mtu anataka kumshika mkono, na alinipungia juu ya vichwa vyao. Nikapungia pia. Nikapanda hadi relini peke yangu. Kesho yake ningekuwa na unga wa kukanda Kawangware, na gorofa lile lilikuwa limebakiza kuezekwa tu, kisha nifunge masufuria nitafute lingine.

Palikuwa na mahali pasipo na wauzaji, chuma kinang'aa juani. Nilisimama. Nilikuwa na nguo ya kanisani, na magoti yangu siku hizi hayapendi kokoto, na watu walikuwa wanapita. Sikuinama. Nikaendelea kutembea, na treni ya mizigo ilipokuja niliisikia kama watu wote wanavyoisikia, kwa hewa, ikiwa imeshakaribia sana, nikaruka pembeni na mkoba wangu.